Siku Nilipopeleka Jezi za Sateni kwa Watu wa Raga

Mtu akiniuliza ni lini maishani nilijiona sana, namjibu bila kufikiri: ni miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, nilipokuwa na cherehani yangu ya kukanyaga kwenye baraza ya duka moja pale Lizaboni, Songea, na juu ya kichwa changu kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi ya mafuta: FUNDI BINGWA WA MITINDO YOTE. Neno la mwisho nilikuwa nimelipigia mistari miwili.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ushonaji nilifundishwa na masista kwa miaka miwili, na tangu hapo nilikuwa nimeshona magauni ya wasimamizi wa arusi wengi wa parokia yetu. Mikono ya puto ndiyo iliyonipa jina. Nilikuwa najua kuijaza hewa mpaka msichana anaingia kanisani kwa ubavu. Basi nikaamini kwamba hakuna vazi duniani litakalonishinda, na aliyekuwa na mashaka nilimwonyesha kibao.

Shida ni kwamba wateja walikuwa wanapungua. Ruksa ilileta vitambaa madukani, kweli, lakini ilileta na mitumba. Mwanamke mmoja wa makamo, mama wa watoto wanne, alikuja kufungua robota lake ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yangu. Kila asubuhi akitandika turubai chini na kumwaga mashati, suruali na magauni, watu wanainama kama kuku kwenye mtama. Mimi nilikaa nikikanyaga cherehani bila kitambaa ndani, ili nionekane nina kazi. Yule mama nilimnunia. Miezi minane sikumsalimu. Yeye kila siku alinisalimu, na mimi kila siku nilijifanya natunga uzi kwenye sindano.

Ndipo siku moja akaja bwana afya. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali aliyezunguka mitaani kukagua vyoo, mrefu, mpana wa mabega, na sauti ya kutisha wenye migahawa. Nilipomwona anapanda baraza nilidhani amekuja kukagua. Kumbe alikuwa nahodha.

"Dada fundi," akasema, "tuna timu yetu. Msimu mpya unaanza baada ya Pasaka, na hatuna jezi. Tunavaa kila mtu na yake, tunaonekana kama watu waliookolewa kwenye mafuriko. Tunataka jezi kumi na tano. Utengeneze sampuli chache, kamati izitazame, ichague."

"Mpira wa miguu huwa ni kumi na moja," nikasema, kwa sauti ya mtu anayemkamata mwenzake kwa kosa.

"Si wa miguu. Ni raga."

Hapo ndipo ningeuliza: raga ni nini? Lakini bingwa wa mitindo yote haulizi. Nikatikisa kichwa taratibu, nikasema, "Aa, raga. Raga naijua."

Akafurahi sana. Akasema mimi ni mtu wa kwanza mjini, ukiacha wachezaji wenyewe na yule mwalimu Mzungu aliyewafundisha, aliyesema anaijua. Mwalimu huyo alikuwa amekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari, na ndani ya sanduku lake, pamoja na vitabu, alikuja na mpira mmoja uliorefuka kama papai. Mpira huo nilikuwa nimewahi kuuona, ameukumbatia njiani. Nilimhurumia. Nilidhani ulibanwa na mizigo kwenye ndege, naye hakuwa na uwezo wa kununua mwingine.

Nilishona sampuli nne. Nilizishona kwa wiki mbili, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Nilijiambia kwamba wanamichezo ni mabingwa, na bingwa lazima ang'ae. Nilikuwa na sateni iliyobaki kwenye arusi tatu, kwa hiyo nikatumia sateni. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, kola ya njano, na mfuko kifuani wenye mahali pa kuweka kalamu. Ya pili nyekundu, mikono myeupe. Ya tatu bluu, yenye mstari mwekundu kutoka bega hadi kiunoni. Ya nne, ambayo niliipenda kuliko zote, ilikuwa ya zambarau, imetiwa vifungo sita vya lulu, na mabegani nikaiwekea puto. Puto dogo, la kiume.

Shangazi yangu, aliyenilea na ambaye nilikuwa naishi naye, aliikuta ya nne imetundikwa ukutani. Akaitazama muda mrefu.

"Hii ni ya askofu gani?" akauliza.

"Ni ya mchezo, shangazi."

"Mchezo wa kuigiza?"

Nikamwambia yeye ni mtu wa zamani, hajui mambo ya mitindo.

Kamati ilikutana Jumapili baada ya misa, ndani ya darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwembamba aliyetembea na kitambaa cha kufutia ubao mfukoni ingawa ni miaka sita tangu aache kufundisha. Hakuwahi kushika ule mpira, ila alikubali uenyekiti kwa sababu hakuna kamati mjini iliyowahi kukaa bila yeye. Bwana afya alikaa kulia kwake, yule mwalimu wa Kizungu kushoto, wote watatu kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na masikio. Mimi nilivaa gauni langu la bluu na viatu vya visigino. Nilikuwa nimefunga kamba mbele ya ubao, nikatundika sampuli zangu kwa vibanio, na juu yake nikatupia khanga ili nizifunue moja moja.

"Shikamoo mwalimu," nikaanza.

"Marahaba, binti. Haya, tuonyeshe."

Nikafunua ya kijani na njano. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi kuhusu mfuko wa kalamu, lakini mwenyekiti alishainua mkono.

"Hii haiwezekani. Hizi ni rangi za chama. Sasa tuna vyama vingi. Watu watasema timu imetumwa."

Bwana afya akakubali haraka kuliko wote, maana alikuwa mtumishi wa serikali. Nikafunua nyekundu na nyeupe. Bwana afya akaguna. Akasema hizo ni rangi za moja ya zile timu mbili kubwa za Dar es Salaam, na nusu ya wachezaji wake wanashabikia ile nyingine. "Hawataivaa," akasema. "Kuna mmoja mkewe ana kitenge chekundu, na amemkataza kukivaa siku za mechi."

Nikafunua bluu yenye mstari mwekundu. Halafu mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesengenya, kwamba kuna chama kipya kimefungua ofisi nyuma ya stendi, na bendera yao ni hiyo hiyo. Nikabisha. Nikasema mstari wangu unatoka bega la kulia. Akasema na wao pia.

Nilianza kutoka jasho, lakini bado nilikuwa na ya zambarau. Niliivuta khanga kwa mbwembwe, kama anayefunua keki. Nikasema, "Hii haina chama, na haina timu."

"Ina Kwaresima," mwenyekiti akasema. Kwaresima ilikuwa imeanza wiki ile ile. Altare nzima ilikuwa ya zambarau, na asubuhi hiyo sote tulikuwa tumeitazama kwa saa mbili. "Watu watadhani tunakwenda kutubu."

Bwana afya akayatazama yale mabega. Akasafisha koo. "Na hapa, dada fundi, hapa pana nini ndani?"

"Puto."

"La nini?"

"La urembo."

Sijui ningejibu nini zaidi kama angeendelea, lakini yule mwalimu wa Kizungu, ambaye hakuwa amesema neno, aliinuka. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, safi mno, kila neno limepigwa pasi.

"Samahani dada, rangi mimi sizijui. Nina swali moja tu. Je, ninaruhusiwa kuvuta?"

"Vuta," nikasema, kwa kiburi.

Akaishika ile ya zambarau, mkono mmoja kolani na mwingine kwapani, akavuta. Hakuvuta kwa hasira. Alivuta kama mtu anayefungua mlango. Sateni ililia, na jezi ikapasuka kutoka kwapa mpaka pindo. Vifungo viwili vya lulu viliruka, vikaenda kuzunguka sakafuni hadi miguuni pa mwenyekiti.

"Umevuta vibaya," nikasema.

"Ndiyo," akajibu kwa adabu. "Lakini wao huvuta vibaya zaidi."

Bwana afya akainamisha uso kwenye dawati, mabega yakawa yanatikisika. Mwenyekiti ndiye aliyeniokoa. Alivichukua vifungo vyangu, akanikabidhi mkononi kama anayenipa cheti, akauliza: "Binti, raga umewahi kuiona ikichezwa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mzee yule alikuwa amefundisha watoto waongo kwa miaka thelathini na kitu, na alikuwa ananitazama kwa macho yale yale. Nikasema hapana.

"Basi nenda kaione. Halafu urudi."

Mazoezi yalikuwa Jumanne jioni, kwenye uwanja ulio njia ya kwenda Matogoro, chini ya vilima vyenye msitu. Nilikwenda na mwavuli, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameshuka, na nilivaa tena vile visigino. Vilizama kwenye majani kila hatua, nikawa natembea kama bata. Nikasimama pembeni na tepu yangu shingoni ili watu wajue nipo kikazi.

Mwanzoni sikuona ajabu. Watu walikimbia, wakarushiana lile papai kwa mikono, nyumanyuma, kama wamesahau wanakokwenda. Halafu watu sita wakawakabili sita, wakainama, wakashikana mabega, wakagonganisha vichwa na kuanza kusukumana huku wanaguna. Sauti ya mshindo ule niliisikia tumboni. Papai likatoka, mmoja akalidaka, na kabla hajapiga hatua tatu akarukiwa na kuangushwa, kisha mwingine akaanguka juu yao, na mwingine, mpaka ikawa rundo la miguu.

Nikatafuta kwa macho mtu wa kuamua ugomvi. Yule mwalimu wa Kizungu alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipiga. Alikuwa anatabasamu. Hapo nikajua wamewehuka wote, na bwana afya, ambaye sikumwona popote, yuko chini ya lile rundo anakufa.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Nilifika kwenye rundo nikipiga kelele, "Mwacheni! Mtamuua! Ni mtumishi wa serikali!" Na yule aliyekuwa juu kabisa nikampiga mgongoni kwa mwavuli, mara tatu, kwa nguvu zangu zote.

Akageuka. Alikuwa bwana afya.

"Dada fundi," akasema, akihema, "mimi ndiye ninayekaba."

Walicheka mpaka wengine wakalala chini kwa hiari yao. Mmoja aliniletea kiatu changu. Mwalimu wa Kizungu akapiga filimbi, hatimaye, na akatangaza kwamba nimefanya kosa kwa kuingia kutoka upande usioruhusiwa. Nilikwenda kukaa pembeni na sikufungua mdomo mpaka mwisho. Lakini macho nilifungua. Niliona wanavyoshikana: kolani, kwapani, mgongoni, pindoni. Mfuko wa kifuani ungekuwa mshikio tu. Nikafikiria kalamu ndani ya ule mfuko, nikaona aibu hata nikiwa peke yangu.

Mmoja wao alikuwa amevaa shati zito la pamba, lenye mistari mipana na kola nyeupe iliyochoka, na watu walikuwa wamemvuta jioni nzima bila shati lile hata kulegea uzi. Nilipomuuliza alikolipata, akataja. Ni kwa yule mama wa mitumba, ng'ambo ya barabara yangu.

Usiku huo nilijigeuza kitandani. Asubuhi nilisubiri mpaka wateja wake wapungue, nikavuka barabara. Ni hatua ishirini hivi. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

"Habari za asubuhi, mama," nikasema.

Alisimamisha mkono ulioshika suruali. "Salama, fundi. Kumbe sauti unayo."

"Natafuta shati. La pamba, zito, lenye mistari."

"La kuvaa nani?"

"La kudekia sakafu," nikasema. Hata siku hiyo, hata baada ya mwavuli, bado nilidanganya.

Alicheka, lakini hakunikatalia. Alichimba ndani ya robota na kutoa moja, akalikunjua, akaonyesha ndani. "La kudekia chukua hili. Tazama mishono yake. Haya hayanunuliwi, watu wanasema yanachoma. Nimekaa nayo tangu nifungue hapa." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Na kama utashona kwa kitambaa cha marekani halafu ukatia rangi mwenyewe, weka chumvi kwenye maji. Chumvi nyingi. La sivyo itatoka yote."

Yaani alikuwa amekwishaelewa kila kitu. Pengine mji mzima ulikuwa umekwishaelewa. Nikamshukuru kwa midomo, na moyoni nikasema: muuza mitumba anifundishe mimi kutia rangi?

Nilifungia mlango chumbani na kulifumua lile shati, mshono kwa mshono, kwa wembe. Ilinichukua siku mbili. Kwapani palikuwa na kipande cha pembe nne kilichoongezwa ili mkono uinuke bila kuvuta. Mishono ya bega ilikunjwa na kushonwa mara mbili, mistari sambamba. Vifungo vilikuwa vya mpira, vimefichwa ili visimkwaruze mtu. Kola ilishonewa utepe mgumu kwa ndani. Kulikuwa na fundi mahali fulani, katika nchi nisiyoijua, aliyefikiria mwili wa mtu anayevutwa. Mimi nilikuwa nimefikiria wanaomtazama. Niliinamia vile vipande mpaka shangazi akaja kuniuliza kama nalia. Nikamwambia ni macho, yamechoka na uzi mwembamba. Kwa kweli nilikuwa nalia kidogo.

Kamati ilikutana mara ya pili, na safari hii nilipeleka jezi moja tu, ya marekani isiyotiwa rangi. Mwalimu wa Kizungu akavuta. Bwana afya akavuta. Wakavuta wote wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake, mwenyekiti akihesabu mpaka kumi. Haikupasuka. Mimi nilikuwa nimesimama kwa ncha za vidole.

Ikabaki rangi. Walijadili mpaka kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ikalia. Nyeupe ni ya komunyo ya kwanza. Nyeusi ni ya msiba. Machungwa ni ya wafungwa, bwana afya alidai, ingawa hakuna aliyekumbuka kuona mfungwa wa rangi hiyo. Mwishowe mwenyekiti alitazama nje dirishani, kwenye uwanja wa shule, akasema: "Kahawia. Kama udongo wetu. Watachafuka, na haitaonekana." Ikapita bila kupingwa.

Nikashona jezi kumi na tano, na ni kazi ambayo mpaka leo ningeweza kuionyesha kwa masista. Kisha nikanunua rangi ya unga sokoni, nikachemsha sufuria kubwa la shangazi, nikazitumbukiza. Mfuko wa chumvi ulikuwa jikoni, kwenye rafu, karibu na mkono wangu. Nakumbuka nilivyoutazama. Nikajiambia kwamba masista hawakuwahi kutaja chumvi, na kama masista hawakutaja, basi haipo. Ukweli ni kwamba masista hawakuwahi kutufundisha kutia rangi kabisa.

Zilikauka vizuri. Zilikuwa za kahawia ya kupendeza, nzito, zenye heshima. Zilipokabidhiwa nilipigiwa makofi.

Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa wiki mbili baada ya Pasaka. Wageni walikuwa wanachuo kutoka mkoa wa jirani, vijana kumi na tano waliokuja kwa lori, wamevaa jezi nyeupe pe, mpya. Nusu ya Lizaboni ilikuja kuangalia, wengi wao, nilivyokuja kujua baadaye, kwa kuwa walisikia habari za mwavuli. Shangazi alikuja. Yule mama wa mitumba alifunga biashara yake mapema, akaja pia. Nilikaa mbele, karibu na mwenyekiti, na kila aliyepita nilimwambia, "Hizo za kahawia ni zangu."

Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Wageni walivuta, na jezi zangu zikakataa. Kisha mvua ikashuka kutoka Matogoro, ile ya mwisho wa masika isiyo na haraka ya kuondoka.

Mwanzoni niliona mikono ya bwana afya imegeuka rangi. Nikadhani ni matope. Halafu watu wanane wakainama dhidi ya wanane, wakakumbatiana, wakasukumana kwa muda mrefu, na walipoachana wageni walikuwa na alama za kahawia mabegani na shingoni, mithili ya watu waliopigwa mihuri. Baada ya robo saa hakukuwa na nyeupe uwanjani. Jezi zetu zilikuwa zinapauka, na zao zinakolea, mpaka zikakutana katikati. Wachezaji thelathini walikuwa na rangi moja, ile ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Nahodha wetu alimpasia mpira mgeni, kwa upole, mikononi, na mgeni naye akakimbia hatua kadhaa akampasia mtu wetu. Watu wa timu moja walikuwa wanaangushana wenyewe kwa wenyewe na kuombana radhi.

Mwenyekiti aliyekaa pembeni yangu akauliza taratibu, "Binti, wetu ni wepi?"

"Ni wale wasiochanika," nikasema. Ilikuwa kweli. Wageni walikuwa wamepasuka kwapa na kola, na hiyo ndiyo alama pekee iliyobaki.

Mwalimu wa Kizungu alipiga filimbi, akaamuru wageni wacheze vifua wazi. Hata hivyo vifua vyao vilikuwa vya kahawia. Tulifungwa, sikumbuki kwa pointi ngapi, na sidhani kama yeyote alikuwa na uhakika.

Baada ya mechi wachezaji walikusanyika bombani kunawa. Nahodha wa wageni, kijana mwenye shingo nene, akawa anaishika jezi ya bwana afya, anaivutavuta, anaigeuza ndani, anatazama mishono. Nikasogea ili nisikie.

"Nani ameshona hizi?" akauliza kwa sauti.

Nilipita katikati ya watu. Nilinyoosha mgongo. "Ni mimi," nikasema. "Fundi bingwa wa mitindo yote."

Akachukua jezi yake aliyoitupia begani, akaikamua. Maji ya kahawia yakatiririka juu ya viatu vyangu.

"Vizuri, dada," akasema. "Basi na hizi utatufulia wewe. Ni za chuo, na tumeambiwa zirudi nyeupe."

Walilala shuleni siku mbili wakingoja jezi zao, na lori lao liliondoka siku ya tatu mchana. Kesho yake ya mechi nilifua jezi kumi na tano tangu alfajiri, uani kwa shangazi. Yule mama wa mitumba alikuja bila kuitwa, na kipande cha sabuni na beseni lake, akachuchumaa upande wa pili. Nilisubiri aseme neno kuhusu chumvi. Hakusema. Alinifundisha tu namna ya kuanika kitu kilichotoka rangi, kivulini, kisiwe na mabaka. Tulizungumza habari za watoto wake. Wa kwanza alikuwa anataka kujifunza cherehani, akaniuliza kama namchukua. Nikasema mimi sina wateja wa kutosha hata kwa mtu mmoja. Akasema nguo zake zote zinakuja kubwa mno kwa watu wa hapa, na kila siku wanunuzi wanamuuliza nani atawapunguzia. Nilikuwa nimekaa mbele yake miezi minane na mkasi mkononi.

Jezi hazikurudi nyeupe. Zilibaki na rangi ya maziwa yaliyoungua. Nilimpelekea yule nahodha wa wageni zikiwa zimepigwa pasi na kushonwa upya makwapa, kumi na tano zote, kila moja na kile kipande cha pembe nne. Alizitazama, akanitazama, akasema hajui atawaambia nini chuoni. Nikamwambia awaambie ni udongo wa Songea. Akasema hawatamwamini. Akapanda lori, na vijana wake wakanipungia mikono, mikono yote ya kahawia mpaka kwenye viwiko.

Timu yetu ilicheza misimu mitatu, mpaka mwalimu wa Kizungu alipomaliza mkataba na kuondoka na mpira wake. Jezi nilizitia rangi tena, kwa chumvi, na haikutoka. Msimu wa pili kamati iliniita kutazama mitindo mipya. Nilikwenda na kukaa dawatini pamoja nao, magoti karibu na masikio, na mtu mwingine, fundi kijana kutoka mjini kati, ndiye aliyesimama mbele ya ubao akifunua khanga. Alikuwa ameshona jezi nzuri sana, ya hariri ya bandia, yenye nyota kifuani.

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, una maoni?"

Kijana alikuwa ananitazama, kidevu juu. Kidevu kile nilikijua kabisa. Nikainuka, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama naruhusiwa kuvuta.